Kasoro ya mpindo wa nuru jichoni na modeli zake za kompyuta

Kasoro ya mpindo wa nuru ni hali ambapo jicho, ingawa halina ugonjwa, halikusanyi miale ya nuru barabara juu ya retina, hivyo mtu huona ukungu. Aina zake kuu ni kutoona mbali (maiopia), kutoona karibu kutokana na ufupi wa jicho (haipametropia), astigmatizimu, na upungufu wa uoni wa karibu unaokuja na umri (presbiopia). Kwa kawaida kasoro hizi husahihishwa kwa miwani.

Modeli ya jicho ni mfano wa kihesabu unaoeleza nyuso, umbo, urefu na vimiminika vya jicho kwa namba. Modeli hiyo ikiingizwa katika programu ya kompyuta ya kusanifu lenzi, mtu anaweza kuitengenezea kasoro, kuiwekea miwani na kuona taswira inayofika kwenye retina, bila kumgusa mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana matatizo ya uoni. Milioni 826 kati yao walikuwa na presbiopia isiyosahihishwa, ambayo miwani ya kusomea ingewatosha. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kuongeza kwa pointi 40 za asilimia, kufikia 2030, idadi ya wanaopata huduma bora ya kusahihisha kasoro ya mpindo.

## Jicho kama chombo cha nuru

Nuru huingia jichoni kupitia konea, ambayo ni kioo cha mbele chenye umbo la mbinuko. Kisha hupita katika majimaji, katika tundu la mboni, katika lenzi ya jicho na katika ute mzito unaojaza mboni yote ya nyuma, hadi kwenye retina. Watu wengi hudhani kazi kubwa ya kupinda nuru hufanywa na lenzi. Sivyo: takribani theluthi mbili ya nguvu yote hutoka kwenye konea, kwa sababu hapo ndipo nuru inapotoka hewani na kuingia katika kitu kizito zaidi. Lenzi huongeza sehemu iliyobaki, na faida yake kubwa ni kwamba inaweza kubadili umbo ili kuona vitu vya karibu.

Nguvu ya lenzi hupimwa kwa diopta, ambayo ni 1 kugawanya kwa umbali wa fokasi katika mita. Lenzi inayokusanya nuru umbali wa nusu mita ina diopta 2. Lenzi mbinuko, iliyo nene katikati, hupewa alama ya kujumlisha. Lenzi mbonyeo, iliyo nyembamba katikati, hupewa alama ya kutoa. Jicho zima la mtu mzima lina nguvu ya karibu diopta 60.

Aina za kasoro hutofautiana hivi:

* Maiopia: jicho ni refu kuliko nguvu yake, au nguvu ni kubwa mno. Taswira hutokea mbele ya retina. Husahihishwa kwa lenzi mbonyeo.
* Haipametropia: jicho ni fupi, na taswira ingetokea nyuma ya retina. Husahihishwa kwa lenzi mbinuko.
* Astigmatizimu: konea haikupinda sawasawa pande zote. Mstari wa wima unaweza kuonekana wazi huku wa mlalo ukiwa na ukungu. Husahihishwa kwa lenzi ya mviringo wa silinda, yenye nguvu katika upande mmoja na mhimili uliotajwa kwa digrii.
* Presbiopia: lenzi ya jicho hukakamaa kwa umri, kuanzia takribani miaka 40 hadi 45, na haiwezi tena kujibinua vya kutosha ili kusoma.

## Historia

Ibn al-Haytham, mwanasayansi aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, alifundisha kwamba tunaona kwa sababu nuru hutoka kwenye vitu na kuingia machoni, si kwa sababu jicho hutoa miale. Johannes Kepler alieleza mwaka 1604 kwamba taswira hutokea kwenye retina, tena ikiwa imepinduliwa. Thomas Young wa Uingereza alipima astigmatizimu ya jicho lake mwenyewe na kuichapisha mwaka 1801, na George Airy alijibunia miwani ya kuisahihisha katika miaka ya 1820.

Mwaka 1862 Herman Snellen wa Uholanzi alitoa chati ya herufi ambayo mpaka leo hutundikwa katika vyumba vya kupimia macho. Miaka miwili baadaye Frans Donders, aliyekuwa akifanya kazi pamoja naye mjini Utrecht, alichapisha kitabu kilichotenganisha waziwazi aina za kasoro zilizotajwa hapo juu. Allvar Gullstrand wa Uswidi alitengeneza modeli ya jicho yenye vipimo kamili na kupata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1911.

Modeli nyingine zilifuata baadaye. Ile ya Yves Le Grand ina nyuso nne tu za kupinda nuru na ni rahisi kufundishia. Rafael Navarro na wenzake nchini Hispania walitoa mwaka 1985 modeli ambayo lenzi yake hubadilika jicho linapotazama karibu. Liou na Brennan, mwaka 1997, waliipa lenzi uwezo wa kupinda nuru unaobadilika kutoka katikati kuelekea pembeni, kama ilivyo katika jicho hai. David Atchison wa Australia alichapisha mwaka 2006 modeli ya macho yenye maiopia, ambamo vipimo hubadilika kadiri kasoro inavyokuwa kubwa.

## Modeli rahisi ya karatasi

Kabla ya kutumia programu ni vyema kuelewa modeli ndogo iitwayo jicho lililofupishwa. Ndani yake konea na lenzi huwekwa pamoja kuwa uso mmoja wenye diopta 60, na ndani ya jicho hujazwa kimiminika chenye kipimo cha mpindo cha 4/3, sawa na maji. Nusukipenyo cha uso huo ni milimita 5.56. Fokasi hupatikana kwa kugawanya 1,333 kwa 60, yaani milimita 22.22. Jicho lenye urefu huo huona mbali bila kasoro.

Tuchukue mwanafunzi wa mfano katika shule ya Mandawa, kata ya Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, jirani na Nachingwea. Jicho lake katika modeli hii lina urefu wa milimita 23.0. Ili taswira iangukie retina, nguvu ingetakiwa kuwa 1,333 kugawanya kwa 23.0, yaani diopta 57.97. Jicho lake lina 60. Tofauti ni diopta −2.03. Ongezeko la urefu lisilofika milimita moja limeleta kasoro ya diopta mbili.

Kiwango cha ukungu hupatikana kwa kuzidisha kipenyo cha mboni, katika mita, kwa kasoro katika diopta. Jibu ni pembe katika radiani. Likizidishwa kwa 3,438 huwa dakika za pembe. Mboni ikiwa na kipenyo cha milimita 4:

* Akiwa ameketi mita 6 kutoka ubaoni, ukungu wa kila nukta una upana wa takribani dakika 28 akitazama mbali kabisa. Herufi ya sentimita 4 iliyoandikwa ubaoni ina kimo cha dakika 23 tu. Ukungu ni mkubwa kuliko herufi yenyewe, na hawezi kuisoma.
* Akisogezwa mita 2 kutoka ubaoni, kasoro inayobaki ni diopta 1.53 na ukungu ni dakika 21, lakini herufi ileile sasa ina dakika 69. Anaisoma, ingawa haina ncha kali.
* Daftari likiwa sentimita 49 kutoka machoni, halina ukungu wowote.

Hesabu hii inaeleza jambo ambalo walimu huliona mara nyingi. Mtoto anayesoma daftari vizuri lakini ananakili makosa kutoka ubaoni huitwa mzembe au mzito wa kuelewa, kumbe haoni. Akihamishiwa dawati la mbele maksi zake hubadilika. Kumhamisha ni msaada wa muda, na pia ni dalili ya kutosha ya kumpeleka akapimwe.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini mtu asiyeona mbali hukunja macho. Mboni ikipungua hadi milimita 2, ukungu hupungua nusu. Akitazama kupitia tundu la milimita 1 lililotobolewa kwenye karatasi ngumu, ukungu hushuka hadi dakika 7. Wapimaji hutumia njia hii: mtu akiona vizuri zaidi kupitia tundu, yaelekea tatizo lake ni la mpindo na miwani itamfaa, asipoona vizuri zaidi, hutafutwa sababu nyingine kama mtoto wa jicho au ugonjwa wa retina. Ndiyo sababu pia mwenye kasoro huona afadhali kwenye jua la mchana kuliko kwenye mwanga wa kibatari, ambapo mboni hupanuka.

## Kuunda modeli katika programu

Programu zinazotumika sana viwandani na vyuoni ni OpticStudio, CODE V na OSLO. Zipo pia maktaba huria za lugha ya Python, kama vile RayOptics na Optiland, ambazo mwanafunzi anaweza kuzipakua bila malipo. Zote hufuata miale kutoka uso hadi uso kwa kanuni ya Snell, na zote huanza na jedwali. Kila mstari wa jedwali ni uso mmoja, wenye nusukipenyo cha mpindo, umbali hadi uso unaofuata, na aina ya kitu kilichopo katikati.

1. Kuingiza vipimo. Katika modeli ya Le Grand, namba ni hizi:

* Uso wa mbele wa konea: nusukipenyo milimita 7.8, unene 0.55, kipimo cha mpindo 1.3771.
* Uso wa nyuma wa konea: nusukipenyo 6.5, umbali hadi lenzi 3.05, kipimo cha majimaji 1.3374.
* Uso wa mbele wa lenzi: nusukipenyo 10.2; unene 4.0, kipimo 1.42.
* Uso wa nyuma wa lenzi: nusukipenyo −6.0; umbali hadi retina 16.6, kipimo cha ute 1.336.

Jumla ya urefu ni milimita 24.2, na nguvu ya jicho zima ni karibu diopta 59.9. Alama ya kutoa katika uso wa mwisho inaonyesha kwamba uso huo umepinda kuelekea upande wa pili. Mwanafunzi akiisahau, modeli yote huharibika.

2. Kuweka mboni, pembe na rangi. Mboni huwekwa mbele ya lenzi, na kipenyo chake hutajwa, kwa mfano milimita 3 au 4. Chanzo cha nuru huwekwa mbali sana. Rangi kuu huwa yenye urefu wa wimbi wa nanomita 555, ambayo jicho huihisi zaidi mchana.

3. Kuhakiki. Kabla ya kutengeneza kasoro yoyote, mtumiaji huhakikisha kwamba miale iliyo karibu na mhimili inakutana juu ya retina. Isipokutana, kuna namba iliyoingizwa vibaya.

4. Kutengeneza kasoro. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubadili urefu: umbali wa mwisho ukiongezwa kwa takribani milimita 0.37, hupatikana diopta moja ya maiopia. Ukipunguzwa, hupatikana haipametropia. Ya pili ni kubadili mpindo wa konea. Kwa astigmatizimu, uso wa mbele wa konea hupewa nusukipenyo viwili tofauti. Ukiwekewa 7.8 upande mmoja na 7.6 upande wa pili, tofauti ya nguvu ya uso huo ni takribani diopta 1.27.

5. Kuweka miwani. Lenzi nyembamba huwekwa milimita 12 mbele ya konea, mahali ambapo miwani hukaa usoni. Nguvu yake huachwa huru, na programu huambiwa itafute thamani itakayofanya doa la miale kwenye retina liwe dogo kuliko yote. Programu hujaribu, hulinganisha na kujaribu tena mpaka doa lisipungue zaidi. Thamani inayopatikana ndiyo namba ya miwani.

Umbali huo wa milimita 12 una maana. Jicho linalohitaji diopta −8 pale kwenye konea litahitaji miwani ya karibu −8.85, ilhali lenye −2.03 litahitaji −2.08 tu. Ndiyo sababu kwa namba ndogo umbali wa miwani usoni hausumbui, bali kwa namba kubwa miwani iliyoteremka puani hubadili uoni.

6. Kusoma matokeo. Programu huonyesha mchoro wa madoa ya miale, mkondo unaoeleza jinsi mistari myembamba inavyofifia, na picha ya mfano wa herufi kama itakavyoonekana. Michoro huwa na manufaa darasani, maana mwenye macho mazima hupata kuona anachokiona mwenzake.

## Mipaka ya modeli

Modeli ni wastani, na hakuna mtu mwenye jicho la wastani. Nyuso za Le Grand ni vipande vya tufe kamili, kwa hiyo mboni ikiwa pana zinaonyesha ukungu wa pembeni kuliko ulivyo katika jicho hai. Modeli ya Navarro na ile ya Liou na Brennan hurekebisha jambo hilo kwa nyuso zinazopungua mpindo kuelekea pembeni.

Programu pia haijui jicho linavyojitahidi. Mtoto mwenye haipametropia anaweza kukaza lenzi yake na kusoma chati yote, kisha akaumwa kichwa jioni. Ndiyo maana mpimaji huweza kumtia matone yanayolegeza misuli ya lenzi kabla ya kumpima. Tena, jicho ambalo halikupata taswira safi utotoni linaweza kubaki dhaifu hata likipewa miwani sahihi, kwa sababu ubongo haukujifunza kulitumia. Hakuna jedwali la nyuso linaloweza kuonyesha hasara hiyo, na ndiyo sababu kuchelewa kupima watoto kuna gharama isiyorudishika.

Kwa hiyo programu haitoi cheti cha miwani. Kipimo hufanywa na mtaalamu wa optometria kwa retinoskopu au mashine ya kupimia, na kuthibitishwa kwa lenzi za majaribio mbele ya chati. Asiyejua kusoma hupimwa kwa herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali, naye huonyesha kwa mkono upande ambao meno yake yameelekea.

## Hali nchini Tanzania

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu wanafunzi 2,511 wa shule za sekondari jijini Mwanza ulikuta asilimia 6.1 wana kasoro kubwa ya mpindo, nyingi zikiwa maiopia. Ni takribani asilimia 30 tu ya wenye kasoro waliokuwa na miwani kabla ya kupimwa.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, ulifanyika katika shule za sekondari za Dar es Salaam. Baadhi ya wanafunzi walipewa miwani bure, wengine walipewa cheti cha kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu, asilimia 47 ya waliopewa bure walikuwa wakiitumia au wanayo shuleni, dhidi ya asilimia 26 ya waliopewa cheti. Bei, basi, ni kizuizi kikubwa, lakini si cha pekee: hata miwani ya bure iliachwa na zaidi ya nusu ya wanafunzi. Wanaoandaa huduma za shule hulazimika pia kuzungumza na wazazi na wenzao darasani, maana kuna wanaocheka mwenye miwani, na kuna wanaoamini kwamba miwani hulegeza macho. Imani hiyo haina msingi. Katika modeli, miwani hubadili njia ya miale kabla haijaingia jichoni, na haigusi uso wowote wa jicho.

Kwa watu wazima tatizo kubwa ni presbiopia. Utafiti wa wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta takribani asilimia 62 ya watu wa miaka 40 na zaidi wanayo. Hasara yake haiishii kwenye kusoma vitabu. Kutunga uzi kwenye sindano, kuchambua ufuta au mchele, kusoma namba ya mizani siku ya kuuza korosho, kusoma ujumbe wa fedha katika simu: yote ni kazi za umbali wa karibu. Kusoma kitu kilicho sentimita 40 kunahitaji diopta 2.5 za ziada, na kwa wastani mtu wa miaka 60 hubakiwa na karibu nusu diopta tu katika lenzi yake.

Modeli inaeleza pia kwa nini wazee wengine husoma bila miwani na kusifiwa kuwa na macho ya ujana. Mara nyingi wana maiopia ya diopta mbili hivi, kama mwanafunzi wa mfano hapo juu: fokasi yao ya asili iko karibu nusu mita, ingawa mtu wa ng'ambo ya uwanja hawamtambui. Mzee aliyekuwa akihitaji miwani ya kusomea kisha ghafla akaanza kusoma bila hiyo anapaswa kupimwa, kwa kuwa mtoto wa jicho huweza kuongeza nguvu ya lenzi kabla ya kuifunika kabisa.

## Matumizi mengine

Hesabu za modeli ya jicho ni za lazima katika upasuaji wa mtoto wa jicho. Lenzi iliyochafuka huondolewa na kuwekwa ya bandia, upasuaji ambao Harold Ridley aliuanzisha jijini London mwaka 1949. Ili kuchagua nguvu ya lenzi hiyo, urefu wa jicho hupimwa kwa mawimbi ya sauti au kwa nuru, pamoja na mpindo wa konea, kisha namba huingizwa katika kanuni. Kosa la milimita moja katika urefu humwachia mgonjwa kasoro ya diopta mbili hadi tatu, nayo atakaa nayo maisha yote kama hapati miwani.

Wasanifu wa miwani, lenzi za kubandika jichoni na kamera za kupigia picha retina hutumia programu hizohizo. Nchini Kenya, watafiti walitengeneza programu ya simu ya kupimia uoni iitwayo Peek na kuijaribu Nakuru, kisha ikatumiwa na walimu kupima wanafunzi katika kaunti ya Trans Nzoia. Programu hiyo hupima ukubwa wa herufi ambayo mtu anaweza kuiona, na mwenye uoni hafifu hupelekwa kwa mtaalamu.

## Tazama pia

* Jicho
* Konea
* Lenzi
* Miwani
* Mtoto wa jicho
* Ibn al-Haytham
* Wilaya ya Ruangwa